Kutoka Wodini hadi Barazani: Daktari Frank Njenga, Chama cha Kitaaluma na Historia ya Afya ya Akili Afrika Mashariki kwa Mtazamo wa Kata ya Sigino, Babati

IKISIRI

Makala hii inachunguza nafasi ya chama cha kitaaluma katika historia ya afya ya akili Afrika Mashariki. Inafanya hivyo kwa kumwangazia Daktari Frank Njenga wa Kenya, bingwa wa magonjwa ya akili aliyepata kuwa rais wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Kenya na wa chama cha Afrika cha taaluma hiyo. Hoja kuu ni kwamba mchango wake mkubwa ulikuwa kuhamisha mahali pa kuhesabia ugonjwa: kutoka kwenye rejista ya hospitali, iliyomwandika hasa mgonjwa aliyesumbua wengine, hadi kwa umma, ambako huishi mgonjwa aliyenyamaza. Makala inaulinganisha mkondo huo wa Kenya na mkondo wa Tanzania, ulioanza kwa huduma ya serikali vijijini. Inahitimisha kwamba kwa wakazi wa eneo kama Sigino, mkoani Manyara, sauti ya wanataaluma bila dawa katika zahanati haitoshi, na huduma isiyo na watetezi wa kudumu hudhoofika.

1.0 Utangulizi

Sigino ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Katika historia rasmi ya tiba ya akili, kata hii haina ukurasa wake. Haikuwahi kuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili, na haikuwa makao ya utafiti uliotajwa vitabuni. Hata hivyo, ina uhusiano wa muda mrefu na taaluma hiyo kwa njia ya barabara. Mgonjwa wa Babati aliyeshindikana nyumbani na katika hospitali za karibu alipelekwa kusini, kupitia Kondoa, hadi Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, safari ya takribani kilomita 250. Barabara hiyo ilikamilika kuwekewa lami na kuzinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, ilikuwa safari ya vumbi au matope kulingana na majira.

Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, na jina lake limeingia katika usemi wa kila siku. Mtu akitenda jambo lisiloeleweka huambiwa kwamba ametoroka Mirembe. Wakenya husema vivyo hivyo kuhusu Mathari, na Waganda kuhusu Butabika. Utani huo una maana kwa mwanahistoria. Unaonesha kwamba katika nchi zote tatu ugonjwa wa akili ulifahamika kwa sura ya jengo moja, lililo mbali na nyumbani, na kwa sura ya mgonjwa wa aina moja, yule mwenye fujo. Mama aliyeacha kula, asiyelala usiku na asiyeona sababu ya kuamka asubuhi hakuwamo katika picha hiyo.

Swali linaloongoza makala hii ni: mgonjwa huyo asiye na fujo aliingiaje katika mjadala wa umma wa Afrika Mashariki, na nani alimwingiza? Jibu haliwezi kupatikana kwa kuitazama Tanzania peke yake. Mwaka 2020 jopokazi la serikali ya nchi jirani lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwenyekiti wake alikuwa Daktari Frank Njenga. Kwa sababu hiyo makala inaanzia Nairobi, inarudi Tanzania kwa ulinganisho, kisha inapima matokeo ya mikondo yote miwili kwa mahitaji ya kata kama Sigino.

Ni muhimu kueleza mapema kwamba makala hii si wasifu wa sifa. Maisha ya tabibu mmoja yanatumika hapa kama dirisha la kutazamia taasisi, yaani chama cha kitaaluma. Madaktari wengine wa eneo hili, akiwamo Profesa David Ndetei na Profesa Lukoye Atwoli wa Kenya na Profesa Gad Kilonzo wa Tanzania, wana mchango unaostahili tafiti zake wenyewe.

2.0 Urithi wa Mathari: Aliyehesabiwa na Asiyehesabiwa

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ilikuwa mahali pa kuwaweka watu ambao serikali ya kikoloni iliwaona kuwa hatari kwa amani. Tiba ilikuja nyuma ya ulinzi. Mantiki hiyo haikuwa ya Kenya pekee. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwaka 1904 makazi hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Katika mahali pote pawili mgonjwa alipokewa baada ya jamii kushindwa kukaa naye.

Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 Mathari iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1947 alichapisha uchambuzi wa Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba sonona ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika, na kwamba Mwafrika wa kawaida hakuitumia ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo. Alimfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha andiko lake jingine, lililoieleza harakati ya Mau Mau kama tatizo la nafsi, katika wakati ambapo wapiganaji walikuwa wakidai ardhi na uhuru.

Ubaguzi wa hoja hizo umejadiliwa sana na hauhitaji kurudiwa kwa kirefu. Jambo linalohusu makala hii ni kosa la mbinu lililobebwa na ubaguzi huo. Carothers alihesabu waliofika hospitalini, kisha akatoa hitimisho kuhusu watu wote. Waliofika Mathari walikuwa wameletwa, wengi wao kwa njia ya polisi na mahakama, kwa sababu walikuwa wamevuruga utulivu wa watu wengine. Mtu mwenye sonona hupoteza nguvu, hujitenga na hunyamaza. Hakuna askari anayetumwa kumkamata mtu aliyelala ndani siku tatu bila kusema na mtu. Rejista ya Mathari ilikuwa kumbukumbu ya sababu za watu kukamatwa, ikasomwa kana kwamba ni sensa ya maradhi.

Watafiti waliotoka nje ya kuta za hospitali walipata picha tofauti. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1960, Margaret Field alieleza wanawake wa vijijini Ghana waliofika kwenye madhabahu ya miungu wakijilaumu na kujituhumu uchawi, hali aliyoitambua kuwa sonona. Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeanzisha huko Aro, Abeokuta, mfumo wa wagonjwa kuishi na jamaa zao katika vijiji vya jirani na hospitali, alishirikiana na Alexander Leighton katika uchunguzi wa Wayoruba uliochapishwa mwaka 1963. Mwaka 1961 Abeokuta ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa magonjwa ya akili. Karibu zaidi na nyumbani, John Orley na John Wing walichapisha mwaka 1979 matokeo ya uchunguzi katika vijiji viwili vya Uganda. Walipowalinganisha wanawake wa vijiji hivyo na wanawake wa mtaa wa Camberwell jijini London, sonona ilionekana zaidi Uganda.

Kwa hiyo, kufikia miaka ya 1980 dai la Carothers lilikuwa limekwisha kuvunjwa kitaaluma. Lakini kuvunjwa kwa hoja katika majarida hakukubadili sheria, bajeti wala usemi wa mitaani. Pengo hilo kati ya kinachojulikana na kinachotendwa ndilo lililohitaji chombo cha aina nyingine.

3.0 Frank Njenga: Tabibu na Kiongozi wa Chama

3.1 Taaluma na mazingira yake

Frank Njenga alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi na kubobea katika magonjwa ya akili katika Hospitali ya Maudsley, London. Aliporejea Kenya alifanya kazi ya tiba, akafundisha, na akaanzisha jijini Nairobi kituo binafsi cha Chiromo. Uamuzi wa kutibu magonjwa ya akili nje ya Mathari una maana ya kihistoria, kwa kuwa ulimpa mgonjwa mahali pa kwenda pasipo na jina la kumwaibisha. Una mpaka wake pia, kwa kuwa mlango wa kituo binafsi hufunguka kwa mwenye uwezo wa kulipa. Mvutano huo unaonekana katika historia yote ya taaluma hii Kenya. Mabingwa walikuwa wachache, na wachache hao walikaa zaidi Nairobi.

Katika nchi yenye mabingwa wachache, daktari mmoja anaweza kutibu watu mia kadhaa kwa mwaka, na wengine wote wakabaki bila kuguswa. Ni katika mazingira hayo ambapo chama cha kitaaluma hupata uzito kuliko katika nchi tajiri. Kazi zake za kawaida ni kulinda maadili ya taaluma, kuandaa mikutano ya kisayansi na kutetea maslahi ya wanachama. Njenga, alipokiongoza chama cha Kenya na baadaye kile cha Afrika kinachojumuisha mabingwa na wataalamu wa fani shirika, aliongeza kazi ya nne, nayo ni kusema na umma. Alitumia redio, televisheni na magazeti kueleza sonona, ulevi, migogoro ya ndoa na mateso ya watoto kwa lugha ya kawaida. Kwa baadhi ya wanataaluma, daktari kuonekana mara kwa mara mbele ya kamera lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Hata hivyo, ni vigumu kueleza mabadiliko yaliyofuata bila kuizingatia kazi hiyo.

3.2 Agosti 1998 na kuhesabiwa kwa walionyamaza

Tarehe 7 Agosti 1998, muda mfupi baada ya saa nne asubuhi, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi. Jingine lililipuka karibu wakati huohuo kwenye ubalozi wa nchi hiyo jijini Dar es Salaam. Watu 213 waliuawa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Maelfu walijeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha ambayo walikuwa wameyakimbilia ili kutazama kilichotokea baada ya kishindo cha kwanza. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi liliporomoka.

Hospitali zilishughulika na mifupa, macho na damu. Madaktari wa magonjwa ya akili walijikuta mbele ya swali ambalo taaluma yao haikuwahi kuulizwa kwa kiwango hicho Afrika Mashariki: mji mzima ulioshuhudia mauti unatibiwaje? Njenga na wenzake walishiriki katika kuandaa unasihi wa umma, kuwafundisha wanasihi na kutumia vyombo vya habari kueleza kwamba ndoto za kutisha, kushtuka na kukosa usingizi baada ya tukio kama hilo ni dalili zinazojulikana na zinazotibika.

Pamoja na tiba, walihesabu. Kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko, dodoso liligawiwa kwa Wakenya 2,883. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili. Asilimia 35 ya waliojibu walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Walioathirika zaidi ni pamoja na wanawake, wasio na ndoa, wenye elimu ndogo, walioshuhudia mlipuko wenyewe, waliojeruhiwa na kutopona, waliofiwa, na waliopata matatizo ya fedha baada ya tukio. Jambo jingine lililojitokeza ni kutokuwa na rafiki wa kumweleza yaliyompata mtu.

Takwimu hiyo ina mipaka inayopaswa kutajwa. Waliojibu hawakuteuliwa kwa bahati nasibu, na walijieleza wenyewe badala ya kuchunguzwa mmoja mmoja na daktari. Haiwezi kuchukuliwa kuwa kiwango cha ugonjwa kwa Nairobi yote. Thamani yake ya kihistoria iko kwingine. Miaka 57 hivi kabla yake, katika jiji hilohilo, ujuzi kuhusu akili ya Mwafrika ulitengenezwa kutokana na watu waliofungiwa Mathari. Safari hii ulitokana na makarani, wachuuzi, wanafunzi na wapita njia, watu waliokuwa wakienda kazini na kurudi nyumbani. Wasingeingia katika rejista ya Mathari hata siku moja, na sasa mateso yao yalikuwa na namba. Vilevile, sifa zilizoambatana na ugonjwa hazikuwa za ubongo wa kabila wala rangi. Zilikuwa umaskini, msiba, jeraha na upweke, mambo ambayo jamii na serikali zina uwezo wa kuyafanyia kazi.

3.3 Afrika Mashariki kama uwanja mmoja

Mwaka 2002 Njenga alichapisha katika jarida hilohilo makala iliyoitazama taaluma ya magonjwa ya akili Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, kama uwanja mmoja. Mwaka 2005, pamoja na Wilson Acuda, Vikram Patel na Mario Maj, alihariri kitabu cha misingi ya tiba ya magonjwa ya akili kwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mpaka hapo mwanafunzi wa udaktari wa Afrika alikuwa amejifunza taaluma hii zaidi kutoka vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya hospitali za Ulaya na Marekani, ambamo mgonjwa hufika na barua ya daktari wa familia. Mgonjwa wa Afrika Mashariki hufika akisindikizwa na ndugu, akiwa amekwisha kupita kwa mganga na kwenye maombi. Kazi ya kuandika kitabu cha aina hiyo hailipi kama kazi ya kliniki. Ni kazi ya kitaasisi, na inafafanua kwa nini uongozi wa chama haukuwa cheo cha heshima tu.

3.4 Kutoka jopokazi hadi mahakama

Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika 1991, ilibadilisha mengi kwenye karatasi na machache wodini. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti iliyoeleza jinsi mfumo wa afya ya akili ulivyotelekezwa. Mwezi Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mkupuo mmoja, tukio ambalo magazeti mengi yaliliripoti kama kichekesho.

Mabadiliko ya lugha ya dola yalionekana tarehe 1 Juni 2019. Katika hotuba ya Sikukuu ya Madaraka mjini Narok, Rais Uhuru Kenyatta alizungumzia sonona kama tatizo la taifa na kuiagiza Wizara ya Afya ichukue hatua. Ugonjwa ambao Carothers alidai kuwa nadra miongoni mwa Waafrika ulikuwa umefika kwenye jukwaa la sherehe ya kitaifa. Mwishoni mwa mwaka huo liliundwa jopokazi chini ya uenyekiti wa Njenga. Jopo lilisikiliza wananchi, likawasilisha ripoti yake Julai 2020. Lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa, kuundwe tume ya afya ya akili na furaha ya wananchi ipimwe kila mwaka. Pendekezo la mwisho lilidhihakiwa na baadhi ya watu. Hata hivyo, lilifuata mantiki ileile ya 1998, kwamba hali ya nafsi ya umma ni jambo la kuhesabiwa na kuwajibikiwa na serikali. Baadaye Rais alimteua Njenga kuwa mshauri wake katika masuala hayo.

Hatua mbili zilizofuata zinaonesha kwamba jambo hili halikubaki kuwa la mtu mmoja. Ya kwanza ni marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, yaliyoanzia kwenye muswada wa Seneta Sylvia Kasanga na kutiwa saini Juni 2022. Yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Ya pili ni shauri lililofunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili, kikiwa wakati huo mikononi mwa viongozi wa kizazi kilichofuata. Walipinga kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba.

Daktari mmoja mmoja asingeweza kufungua shauri hilo kwa uzito uleule. Angeweza kumtibu mgonjwa aliyeletwa na polisi, akamrudisha kwa polisi. Chama kiliweza kuiambia mahakama, kwa jina la taaluma nzima, kwamba kinachoitwa kosa ni dalili ya ugonjwa.

4.0 Mkondo wa Tanzania: Huduma Kabla ya Sauti

Tanzania ilianzia mahali tofauti. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, afya ilielekezwa vijijini, na magonjwa ya akili hayakuachwa nje. Vilianzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili, ambamo mgonjwa aliyepata nafuu alilima na kuishi maisha yanayofanana na ya kijiji chochote badala ya kubaki Mirembe. Katika miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na shirika la maendeleo la Denmark, ilitekeleza programu ya taifa ya afya ya akili ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Lengo lilikuwa kumwezesha mhudumu wa zahanati kutambua na kutibu kichaa na kifafa bila kumsafirisha mgonjwa.

Wazo hilo lilikuwa mbele ya wakati wake. Udhaifu wake ulikuwa katika kutegemea fedha za wafadhili na nia ya wizara. Mwaka 1998 Gad Kilonzo na N. Simmons walichapisha tathmini mpya ya huduma hizo kwa ajili ya wakati ujao, ikiwa ni dalili kwamba mkondo wa miaka ya 1980 ulihitaji kufikiriwa upya. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2008. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinacholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hakikuguswa na sheria hiyo.

Upande wa kuhesabu, tafiti mbili zinahusu mada hii moja kwa moja. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walilinganisha watu waliofika katika vituo vya afya vya msingi na waliofika kwa waganga wa jadi jijini Dar es Salaam. Matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi uliopindukia, yalikuwa kwa asilimia 24 ya waliokwenda vituoni na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga. Mgonjwa asiyeonekana hospitalini alikuwa anatafuta tiba mahali pasipo na rejista ya serikali. Utafiti wa pili ulifanyika Manyara yenyewe. Andrea Winkler na wenzake, wakiwa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, walichunguza kifafa nyumba kwa nyumba na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Tafiti zote mbili zinathibitisha kwamba anayetaka kumwona mgonjwa aliyefichika lazima aondoke mezani pake.

5.0 Mjadala: Maana ya Mikondo Miwili kwa Sigino

Ulinganisho huu usichukuliwe kuwa mashindano ya nchi mbili. Kenya ilipata sauti kabla ya huduma. Ina hukumu ya mahakama, ripoti ya jopokazi na sheria iliyorekebishwa, lakini mabingwa wake wamebaki kwa wingi mijini. Tanzania ilipata huduma ya vijijini kabla ya sauti. Ilimfundisha mhudumu wa zahanati, lakini utetezi wa kitaaluma wa kuilinda huduma hiyo fedha zinapopungua haukuwa na nguvu inayolingana.

Kwa mkazi wa Sigino mapungufu haya yana sura ya wazi. Chukuliwe mkulima mwenye sonona. Hataiita kwa jina hilo. Atasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, mwili umechoka. Katika zahanati ataandikwa kwa dalili hizo, apewe dawa ya maumivu na kurudi. Baadaye huenda ataenda kwa mganga au kwenye maombi, ambako angalau atasikilizwa. Hatua ya mwisho, ikiwa atajaribu kujiua na kuokolewa, maelezo ya kwanza yanaweza kutakiwa na polisi. Katika safari yote hiyo hakuna rejista iliyomwandika kama mgonjwa wa akili. Katika takwimu yeye ni mtu wa kichwa na uchovu, kama vile wagonjwa wa sonona wa miaka ya 1940 walivyokosekana katika daftari la Carothers. Ubaguzi wa rangi umeondoka, lakini mbinu ya kuhesabu waliofika peke yao ipo hadi leo.

Hapa panahitajika tahadhari dhidi ya hitimisho rahisi kwamba Tanzania imtafute Njenga wake. Kuna sababu mbili za tahadhari hiyo. Kwanza, kilichofanikiwa Kenya kilitegemea mambo yaliyo nje ya uwezo wa kiongozi yeyote: Katiba ya 2010 iliyoyafungua mahakama kwa mashauri ya haki, tume huru ya haki za binadamu, na vyombo vya habari vyenye nafasi ya mjadala. Pili, kiongozi mwenye mvuto anaweza kukifunika chama chake. Ushahidi bora wa kufaulu kwa Njenga ni kwamba shauri la kifungu cha 226 lilifunguliwa na kushinda bila yeye kuwa kwenye kiti. Chama kinachomtegemea mtu mmoja hakiwezi kufanya hivyo.

Funzo linaloweza kuvuka mpaka ni la namna ya kufanya kazi. Chama cha kitaaluma kinaweza kudai kwamba rejista za zahanati ziwe na safu ya dalili za sonona, na kwamba dawa za msingi za akili na kifafa zisikosekane vijijini. Kinaweza pia kukaa meza moja na waganga wa jadi, kwa kuwa takwimu za 2003 zinaonesha wagonjwa wako huko, na kuishauri serikali kuhusu kifungu cha 217. Madai hayo yakitolewa na daktari mmoja wa hospitali ya mkoa huonekana kuwa malalamiko ya mtumishi. Yakitolewa na chama huwa msimamo wa taaluma.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba historia ya afya ya akili Afrika Mashariki ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya nani alihesabiwa mgonjwa na nani hakuhesabiwa. Ukoloni ulihesabu wenye fujo na kujenga juu yao nadharia ya akili ya Mwafrika. Watafiti wa Ghana, Nigeria na Uganda waliivunja nadharia hiyo kwa kwenda vijijini. Frank Njenga, kupitia chama cha kitaaluma, aliuingiza ujuzi huo katika siasa, sheria na mazungumzo ya kila siku ya nchi moja. Kipindi muhimu zaidi katika safari hiyo kilikuwa kile kilichofuata Agosti 1998, pale mateso ya watu wasio wagonjwa wa Mathari yalipowekwa kwenye takwimu.

Mafanikio hayo hayajakamilika hata Kenya kwenyewe, na hayawezi kunakiliwa Tanzania kama yalivyo. Tanzania ina urithi ambao Kenya haikuwa nao, yaani wazo kwamba tiba ya akili ni kazi ya zahanati ya kijiji. Urithi huo ukipata watetezi wa kudumu katika vyama vya kitaaluma, mgonjwa wa Sigino anaweza kutambuliwa karibu na nyumbani, kabla ya polisi na kabla ya safari ya Dodoma. Utafiti unaohitajika sasa ni wa kumbukumbu za zahanati na waganga wa Babati zenyewe, ili ijulikane ni wangapi waliopita humo wakiandikwa kwa maradhi mengine.